Taarifa ya Saa Saba

Rulenge, Ngara
9 Januari 1979

Kaka Novatus,

Shikamoo. Watoto wanakuamkia, na mama anakuamkia kutoka kitandani, kifua bado kinambana. Mvua imeshika vizuri na maharage yamechanua. Wa kuyavuna ni sisi wanawake, maana vijana wa kijiji wamekwenda vitani na waliobaki wanashinda kwenye mazoezi ya mgambo. Yule mbuzi wetu mweupe nilimtoa mchango wa askari. Sikatai kutoa, ila alikuwa akiniitikia nikimwita.

Simu yako ya maandishi ilifika tarehe 21 Desemba. MATIASI AMEFARIKI ZIWANI DHORUBA BARUA INAFUATA. Maneno sita. Katekista alinisomea mara mbili, ingawa nilikuwa nimekwisha kuisoma mwenyewe juu ya bega lake. Leo ni siku ya kumi na tisa, kaka, na barua haijafuata.

Shemeji Anatoli na wazee wa upande wa mume wangu wanasema mtu aliyechukuliwa na maji hasubiriwi. Wanataka kukata shina la mgomba, walivike shuka, walizike badala yake, ninyolewe nywele na matanga yaishe. Nimewaomba wasubiri. Nimewaambia kaka yangu ndiye aliyekuwa akizungumza na Matiasi kwenye simu ya upepo kila siku, saa tatu, saa saba na saa kumi. Ni wewe uliyemtafutia kazi ile kisiwani Nyakalimo, baada ya dhoruba ya mwaka sabini na sita kuua watu na serikali kupeleka kituo cha kuwaonya wavuvi. Kama kuna mtu anayejua alivyoondoka, ni wewe.

Nakumbuka alivyokuwa akijifunza hapa nyumbani. Alishika kopo la mafuta ya taa mdomoni akasema, "Kituo, kituo, unanipata?" Esperansia, alikuwa na miaka minne, akamjibu kutoka jikoni, "Nakupata, baba, njoo ule."

Naomba uniambie mambo mawili tu. Alikufaje, na mwili uko wapi. Siwezi kuzika mgomba kama mtu wangu ana kaburi mahali.

Mdogo wako,
Adelfina


Biharamulo
2 Februari 1979

Mdogo wangu Adelfina,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mwambie mama anywe maziwa ya moto, nami nitatuma dawa nikipata mtu wa kuja huko. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi kwa sababu ya vita na hatupewi likizo.

Kuhusu marehemu. Tarehe 18 Desemba, siku ya Jumatatu, mchana, dhoruba kali ilipiga kisiwa cha Nyakalimo. Mitumbwi tisa ilikuwa ziwani na watu kumi na tisa walipoteza maisha. Matiasi alikuwa kazini na akapotea katika dhoruba hiyo. Ziwa halikumrudisha. Ndivyo ilivyoandikwa katika taarifa.

Wasikilize wazee. Zikeni mgomba, mmalize matanga, ulee watoto. Kufukuafukua hakutamrudisha. Tena kumbuka kwamba nchi iko vitani na barua zinafunguliwa, kwa hiyo usiandike mambo ya kituo.

Nimeambatanisha shuka moja jipya, ndilo mlivike shina.

Kaka yako,
Novatus


Rulenge, Ngara
25 Februari 1979

Kaka Novatus,

Shikamoo. Mama amepata nafuu kidogo na anaulizia dawa. Esperansia ameng'oka jino la mbele. Shuka nimelipata, ni zuri. Nimelikunja na kuliweka sandukuni.

Kaka, juzi dereva wa lori la pamba aliniletea mfuko wa Matiasi. Alipewa na mwanamke anaitwa Limi, ambaye anasema Matiasi alikuwa amepanga chumba kwake kule Nyakalimo. Ndani kulikuwa na rozari yake, kijiko chake, daftari la kazi, na shati la kijani nililomshonea Pasaka ya mwaka juzi.

Mtu aliyezama huondoka na shati lake. Hili lilikuwa limekunjwa. Limi amelifua, lakini damu iliyokauka haitoki yote, nawe unajua nimefua nguo za wazazi waliojifungua miaka mingi, damu naijua. Mgongoni lina matobo matatu. Nimeingiza kidole katika kila tobo. Kola haipo, imechanwa kama mtu alivutwa nayo. Wala halina harufu yoyote ya ziwa.

Dereva hakutaka kukaa hata kunywa uji. Nilimshika mkono nikamwuliza, "Baba, mume wangu walimfanya nini?" Akasema, "Mama, mimi nimepewa mfuko tu."

Shemeji Anatoli alikuja Jumapili na panga la kukatia mgomba. Nikamwonyesha shati. Akanizaba kibao mbele ya watoto, akasema, "Unataka kutuletea vita nyingine juu ya hii tuliyo nayo?" Baadaye aliketi kwenye kinu akalia. Sikumchukia. Matiasi ni mdogo wake wa mwisho, na alimbeba mgongoni.

Nikuambie na jambo jingine, maana sijamwambia mtu. Mwezi wa kumi na moja, pale gulioni, watu walimkamata mkimbizi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na redio ndogo ya mkononi. Mtu mmoja akasema, "Huyu anapeleka habari." Wengine wakasema, "Eti anasikiliza nyimbo! Nyimbo gani, mtu mzima?" Wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka jicho likatoka. Redio ikaanguka ikaendelea kuimba kwenye matope. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikapu changu cha njugu. Sikupiga. Sikusema kitu pia. Nilipofika nyumbani nikaona nimeshika kikapu kwa nguvu hata vidole vimechubuka.

Kwa hiyo ukiniambia, sitashangaa sana. Niambie tu.

Daftari nalisoma polepole. Mimi niliishia darasa la nne na mwandiko wake wa kazini ni mdogo.

Mdogo wako,
Adelfina


Biharamulo
30 Machi 1979

Mdogo wangu Adelfina,

Marahaba. Poleni kwa yote. Nimemwandikia Anatoli kuhusu kile kibao, asirudie. Dawa ya mama namtumia padre anayepita.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Sasa naandika, na naipeleka kwa mkono wa padre huyo huyo, si posta. Ukishaisoma uichome.

Matiasi hakuzama. Aliuawa na watu wa Nyakalimo.

Lazima nikueleze kwanza utaratibu, ndipo utaelewa. Mitumbwi ya kisiwa ilikuwa na ubao, kila anayetoka anatia alama. Matiasi alinipa hesabu kila saa ya taarifa. Vituo vya mbele vikiona dhoruba vinaniambia, mimi namwambia yeye, yeye anarudia maneno yangu yote ili nijue ameyapata sawa, ndipo anatoka kugonga kipande cha reli na kupandisha kitambaa chekundu mlimani. Wavuvi wakikiona wanarudi. Kila mwezi aliwafanyisha zoezi. Walikuwa wakimcheka, wanamwita Bwana Reli, lakini walikuwa wakirudi.

Vita ilipoanza, ikaamriwa tusitaje upepo wala hesabu za mitumbwi kwa Kiswahili, kwa sababu askari wa nduli wanakijua Kiswahili na wanasikiliza. Mimi na Matiasi sote ni Wahangaza, tukawa tunasema kwa Kihangaza, ambacho mgeni akikisikia hudhani ni Kirundi. Hakuna aliyeuliza watu wa kisiwani watafikiri nini. Wao ni Wazinza na Wasukuma. Kwa miaka miwili walimsikia akisema maneno wanayoyaelewa, na ghafla, vita imeanza, ndege zinapita juu, wanamsikia amefunga mlango anasema lugha ya ng'ambo na sanduku linamjibu.

Siku ile saa saba kamili nilimpa habari ya dhoruba. Alianza kuirudia. Kipaza sauti chake kina kitufe. Akikibana mimi nasikia kila kitu chumbani mwake, akikiachia mimi ndiye ninayesema. Alikuwa amekibana. Nikasikia mlango unapigwa. Nikasikia sauti ya kamanda wao wa mgambo, Kazimili, "We Mrundi! Unamhesabia nani watu wetu?" Matiasi akasema, "Jamani subirini, namaliza." Mwingine akasema, "Anamaliza! Sikieni, anamaliza kutuuza!" Watu wakacheka. Nilisikia kicheko kile, Adelfina, kama cha watu kwenye pombe. Kisha mlango ukavunjika.

Walimpiga kwa makasia. Kasia lina sauti yake likipiga mfupa, siwezi kuiandika. Alilia jina lako mara moja. Kuna mwanamke aliyepiga kelele, "Mwacheni, ni mpangaji wangu!" nadhani ndiye Limi. Kisha mtu akasema leteni chusa, kile chuma cha kuchomea kambare. Hayo ndiyo matobo uliyoyaona. Kidole chake hakikuondoka kwenye kitufe mpaka walipokatakata nyaya.

Dhoruba ikafika baada ya nusu saa. Hakuna aliyegonga reli, hakuna aliyepandisha kitambaa. Nilifika na boti siku ya tatu. Ufukwe ulikuwa na maiti zimevimba, zimelazwa kwa mstari. Wawili ni watoto wa Kazimili. Yeye ndiye aliyekuwa amechimba kaburi la Matiasi, peke yake, chini ya mlingoti wa antena. Liko pale. Taarifa ya kuzama niliiandika mimi, ili vita isiingie kijijini tena.

Sasa unajua vyote.

Novatus


Rulenge, Ngara
22 Aprili 1979

Kaka Novatus,

Shikamoo. Dawa imefika na mama analala vizuri. Habari za kuanguka kwa Kampala zilitufikia kabla ya Pasaka, watu walicheza ngoma barabarani mpaka pombe ya rubisi ikaisha kijiji kizima. Na mimi nilitoka nikasimama nao kidogo.

Nakushukuru kwa ulichoandika. Nililala chini siku mbili, siku ya tatu nikaenda kupalilia. Nimewaambia wazee kwamba Matiasi ana kaburi, panga la mgomba likarudishwa darini.

Barua yako sikuichoma. Nimeisoma mara nyingi na kuna mahali ninakwama. Umesema akikibana kitufe wewe unasikia, akikiachia wewe unasema. Je, tangu walipoanza kupiga mlango mpaka ulipovunjika, hakukiachia hata mara moja?

Naijua tabia yake. Hata kununua kiberiti alikuwa anauliza kwanza.

Mdogo wako,
Adelfina


Biharamulo
17 Juni 1979

Adelfina,

Marahaba. Mimi si mzima sana. Nimeandika barua hii mara nne, tatu nimezichana.

Alikiachia.

Nje kulikuwa na mwanamke aliyesema, "Mwambieni aseme Kiswahili, lugha ya taifa, sote tusikie anachosema." Wengine wakaitikia, "Ndiyo, aseme Kiswahili!" Wakanyamaza kumsubiri. Walinyamaza kweli. Nilisikia kuku akilia uani kwao. Matiasi akaniuliza kwa Kihangaza, kwa upole wake ule ule, "Shemeji, nibadili lugha? Wananitaka niseme Kiswahili." Akaachia kitufe, akangoja.

Ile amri sikupewa na mtu. Kutumia Kihangaza nilibuni mimi. Nilisifiwa mbele ya wenzangu na nikafurahi sana. Siku ile mkaguzi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, ndiyo mara ya kwanza kuja. Nilitaka aone kwamba kwenye kituo changu jambo likiamuliwa halivunjwi. Nikabana kitufe changu, nikasema, "Hapana. Endelea kwa Kihangaza."

Akasema, "Nimekupata." Akaendelea. Upepo kaskazini-magharibi. Mitumbwi nje tisa. Watu thelathini na mmoja. Ndipo mlango ulipovunjika.

Angesema maneno hayo hayo kwa Kiswahili, wangeelewa kwamba anasema watoto wao wako ziwani na dhoruba inakuja. Wangemwacha na kukimbilia reli wenyewe. Yeye angekuwa hai na wale kumi na tisa wangekuwa hai. Nimelifikiria hili kila saa saba mchana. Ikifika saa hiyo natoka kituoni, nasema naenda chooni.

Mkaguzi aliandika kwamba nilifuata utaratibu vizuri. Mwezi wa tano nimepandishwa cheo.

Sikuombi kitu. Wala sijui niombe nini.

Novatus


Rulenge, Ngara
8 Julai 1979

Kaka Novatus,

Mama anaendelea vizuri, ametoka nje na kuanika mtama mwenyewe. Esperansia jino limeota, limekaa upande kama la baba yake. Maharage tumevuna magunia mawili na debe.

Nimeipata barua yako. Nami nina jambo nililokuficha.

Daftari la Matiasi nililimaliza kusoma siku ile ile lilipofika. Nilikudanganya kwamba nalisoma polepole. Unajua alivyokuwa, kila alichoambiwa alikiandika hapo hapo, hata mikutano ya kijiji aliiandika. Ukurasa wa mwisho umeandikwa hivi, nakunakilia kama ulivyo:

"18.12.78. Saa 7.00. Kituo: dhoruba, ita mitumbwi. Upepo K/Mag., mkali. Nje mitumbwi 9, watu 31. Watu wako mlangoni. Nimeuliza nibadili lugha. Kituo: hapana. Naendelea."

Mwandiko umenyooka.

Kwa hiyo nilipokuandikia kuhusu shati nilikuwa najua. Nilipokuuliza kuhusu kitufe nilikuwa najua. Nilitaka unieleze wewe. Nilijiambia, asiponieleza, basi siku ile niliwapoteza watu wawili. Kila padre alipopita na mfuko wa barua nilikuwa natoka shambani na udongo mikononi. Barua ya Juni ilipofika sikuifungua mpaka jioni, niliogopa usiwe umeandika tena habari za dawa.

Umenieleza. Sitakuambia kwamba si kosa lako, maana ni kosa lako. Wala sitakuambia kwamba Kazimili hana kosa. Mimi pia nilisimama gulioni na kikapu changu nikangoja wengine waseme.

Sikia sasa ninachotaka. Matanga tutamaliza Jumamosi tarehe 11 Agosti. Kabla ya hapo nenda Nyakalimo. Usiende na boti ya ofisi, panda mtumbwi wao. Gonga ile reli, watu wakusanyike, Kazimili na Limi wawepo. Uwaambie kwa Kiswahili, lugha ya taifa, "sote tusikie", kama walivyosema wenyewe. Waambie Matiasi alikuwa anahesabu mitumbwi yao. Waambie nani alimkataza kuwaambia. Wanaamini mpaka leo kwamba walimwua msaliti, au wanajua hakuwa msaliti ila hawajui ilikuwaje. Wakikupiga, utapigwa. Sidhani kama watakupiga, wamechoka.

Kisha chukua udongo chini ya mlingoti, uufunge katika shuka ninalokurudishia na barua hii, uje nao. Ndio tutakaouzika hapa chini ya mgomba alioupanda mwaka tulipohamishiwa kijijini, ule alioubeba mche wake kwenye baiskeli kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani. Utasimama uani mbele ya Anatoli na mama na watoto, utasema tena yote. Hapa utasema kwa Kihangaza. Usinong'one.

Nitakuandalia mahali pa kulala. Nitakupikia ndizi kwa maharage mapya, zile alizokuwa akizipenda, utakula nasi.

Umeona kwamba sikukuamkia mwanzoni mwa barua hii. Si kwamba nimesahau. Shikamoo yako ninayo hapa. Nitakupa uani, ukishamaliza kusema.

Adelfina, mke wa Matiasi